Dada Kola Ametoka Kundini

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mgongo wake ni ukuta wa duka la fotokopi. Ukikaa hapo unatazamana na geti la kiwanda cha mashati, ng'ambo ya barabara, lenye mnyororo na kufuli kubwa kama mkate. Kampuni ilipunguza wafanyakazi mara ya kwanza, ikapunguza mara ya pili, na mara ya tatu ikajipunguza yenyewe. Mashine zikapakiwa, ofisi ikahama na mafaili yake, na walioachishwa kazi wakabaki na benchi. Kila Jumamosi asubuhi wale wasioweza kukaa nyumbani bila kugombana na mtu huja hapa kunywa kahawa ya mzee mmoja mwenye birika jeusi, ambaye alikuwa akiwauzia wakati wa mapumziko na hakuona sababu ya kuhama. Hugombania mpira, hugombania nani alikuwa mvivu kwenye laini, hugombania maneno ambayo bosi aliyasema mwaka ule. Lakini Jumamosi hii waligombania jambo moja tu, na aliyelileta ni Mama Vifungo, ambaye hakuja kunywa kahawa.

Mama Vifungo ni mwanamke wa watoto watatu na miguu inayouma. Jina alipewa kiwandani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoboa matundu na kushona vifungo, mashati mia nne kwa siku, kwa miaka kumi na moja. Tangu geti lifungwe, miezi saba sasa, anafua nguo za watu, na vidole vyake vimepasuka kwa sabuni hata akishika sweta ya mtoto nyuzi zinang'ang'ania.

Sasa, Jumatano, mama mmoja mwenye karakana ya ushonaji alimwita. Amepata oda ya mashati ya sare za shule na hataki kufundisha mtu. Anataka watu wanane waliokwisha kushona pamoja, kila mmoja na sehemu yake, waanze Jumatatu alfajiri. Alisema bila ukali wowote kwamba wapo wanane wengine wa kiwanda kingine wanaosubiri, kwa hiyo Jumamosi saa sita mchana dereva wake angekuja hapo benchini na karatasi ya kuandika majina manane. Wakiwa saba, angechukua wale wengine, na mtu asimnunie.

Saba walipatikana kabla ya Alhamisi kwisha. Watatu walikubali kwa simu. Watatu ndio hawa wa benchini, na wa saba ni yeye mwenyewe. Wa nane alikuwa Dada Kola, na wa nane ndiye shati lenyewe, maana mikono mtu anaweza kuikosea kidogo na mfuko ukapinda bila mwalimu mkuu kugundua, lakini kola iko chini ya kidevu cha mtoto, kila mtu anaiona. Na kola za laini ile alikuwa anazipiga mtu mmoja tu. Siku moja alipougua, mwingine alijaribu. Kola zikalala upande mmoja kama masikio ya mbwa aliyenyeshewa, na mashati sabini yakafumuliwa.

Huyo aliyejaribu alikuwa amekaa pale benchini, kikombe mkononi. Anaitwa Zipu, kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuwa nayo. Yeye kazi yake ni mikono ya shati.

– Amepata kazi, alisema Zipu. Tena kubwa. Mtu akipata kazi kubwa, kitu cha kwanza anachoacha ni kundi.

Mama Vifungo akamuuliza kazi gani. Zipu hakujua, ila alikuwa na ushahidi. Wiki ile kabla Dada Kola hajatoka kundini, alisema, alitoa picha ya ua aliyokuwa ameiweka kwenye simu yake na kuweka sura yake mwenyewe, amesimama, anatabasamu.

– Mtu haweki sura yake hivihivi tu, Mama Vifungo. Sura ni jambo la makusudi.

Ili asiyejua ajue: kundi ni lile la simu. Siku ya mwisho kiwandani, pale pale mbele ya geti, watu wakiwa na macho mekundu na mifuko ya rambo ya vitu vyao, waliapa kwamba hawatapotezana. Fundi wa mashine akakusanya namba zote na kufungua kundi jioni hiyo hiyo. Akaliita Familia ya Mashati Daima. Wakaingia watu sitini na wanne. Tangu siku hiyo, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, simu ya kila mmoja wao huanza kutetemeka juu ya meza: jua linachomoza, kikombe cha chai kinafuka moshi, waridi lina umande, mikono miwili imeunganishwa, uwe na siku njema wewe na uzao wako. Haikupita siku hata moja bila salamu. Walikuwa wakijisifu kwa hilo. Makundi ya viwanda vingine yalikufa ndani ya mwezi, lao liko hai.

Fundi huyo wa mashine ndiye msimamizi wa kundi mpaka leo. Wanamwita Spika, kwa sababu enzi za kiwanda alikuwa ndiye anayepaza sauti mashine zikinguruma na sauti yake ikashinda. Alikuwa amekaa katikati ya benchi, simu kwenye goti, chaja shingoni kama tai.

Spika hakukubaliana na Zipu. Alisema yeye hapendi kusema watu, halafu akamsema Dada Kola kwa dakika kumi. Kwa kifupi, Dada Kola alikuwa jicho la ofisi. Miaka kumi na moja hakuchelewa, hakugombana na supavaiza, hakudai hata feni. Nani anakaa miaka kumi na moja bila kudai feni? Na zaidi ya hapo, siku ile ile Spika alipoweka kanuni za kundi, Jumamosi asubuhi, kanuni kumi na mbili alizoziandika mwenyewe, jioni yake ndipo Dada Kola alipotoka.

– Umeelewa? Mtu wa ofisi hapendi utaratibu wa wafanyakazi.

– Au hakupenda kanuni kumi na mbili, alisema Mama Vifungo.

– Zilikuwa ishirini. Nilizipunguza.

Mama Vifungo alitazama saa ya duka la fotokopi kupitia dirishani. Saa nne na dakika hamsini. Nyumbani alikuwa ameacha beseni mbili zimelowekwa na mtoto wa kati amwangalie mdogo, na wa kati ni wa kuangaliwa yeye mwenyewe. Alitaka kusema hayo, akaona ni maneno ya bure.

Hapo ndipo Profesa aliposafisha koo. Profesa ni mkataji. Alikuwa akikata vitambaa safu sitini kwa mkupuo na mkono haukutetemeka. Jina lake limetokana na magazeti ya zamani ambayo mwenye duka la fotokopi humwachia, na yeye huyasoma yote, pamoja na matangazo ya minada iliyokwisha. Alianza kwa kusema kwamba wenzake wanafikiri kidogo sana.

Duniani, alisema Profesa, mashine zimeweza kila kitu isipokuwa kola. Hilo ni jambo linalojulikana. Mashine inashona mfuko, inashona mkono, lakini kola inageuzwa kwa vidole, ncha ichomoze sawasawa kulia na kushoto. Sasa, majeshi yana majenerali. Majenerali wana kola. Je, nani anazishona?

– Nani? aliuliza Zipu.

– Ndiyo nawauliza. Hakuna anayejua. Ni siri. Wanatafuta watu wenye vidole, wanawachukua, wanawanyang'anya simu. Ndiyo maana hapatikani.

Spika alifikiri. Halafu, badala ya kucheka, alisema kwamba hilo linaingiana na lake. Kama Dada Kola alikuwa jicho la ofisi, ofisi ndiyo iliyomtoa kwa wale watu wa majenerali. Profesa akashika mkono wake kwa furaha. Kumbe kiwanda hakikufungwa kwa hasara. Kilifungwa ili asijulikane ametoka nani. Ukimtoa mtu mmoja, wote wanauliza kaenda wapi. Ukitoa mia mbili, nani anamuulizia mmoja?

– Subiri, alisema Zipu. Kwa hiyo mimi nimeachishwa kazi kwa ajili ya vidole vya Dada Kola?

– Kitaalamu, ndiyo.

– Na mimi vidole vyangu vina nini?

Mzee wa kahawa, akimimina, alisema polepole kwamba yeye alikumbuka yale mashati sabini. Zipu akamgeuzia mgongo, na kwa muda benchi likawa na ugomvi wa vidole vya nani ni vya namna gani, wakavitandaza hewani na kuvilinganisha. Watu wazima wanne, saa tano kasoro.

Mama Vifungo aliwaacha kidogo, kama unavyoacha maziwa yachemke ukijua yatashuka. Hayakushuka. Ndipo akasimama mbele yao, mgongo kwa geti, wasiwe na pengine pa kutazama.

– Naomba mniambie jambo moja. Tangu Jumatano nimewaambia tunamtafuta. Nani kati yenu amempigia simu?

Zipu alidhani Spika amempigia. Profesa alisema kwa hali ilivyo, kumpigia mtu aliye mikononi mwa watu wa aina ile ni kumhatarisha. Spika alisema hakuna haja ya kumpigia mtu mmoja mmoja wakati kundi lipo. Kundi liliundwa kwa kazi hiyo. Na kwamba yeye alitoa tangazo rasmi Alhamisi asubuhi.

Mama Vifungo mwenyewe alikuwa amempigia siku tatu mfululizo, akifua, akipika, akiwa foleni ya maji. Sauti ile ile ya mwanamke asiyechoka: namba unayopiga haipatikani. Alichokuwa anakitaka kwa hawa watatu ni namba nyingine, ndugu, shoga, mtu yeyote aliyemwona.

– Tangazo lilisemaje?

Spika akasoma kwa sauti yake ya mashineni, mpaka mtu aliyekuwa akifotokopi cheti akachungulia. "Wapendwa wanafamilia, mwenye taarifa za Dada Kola atujulishe haraka, ni kwa ajili ya kazi. Mbarikiwe sana."

– Wakajibu nini?

– Wamejibu vizuri. Watu arobaini na watatu.

– Wamesema nini, kaka Spika?

Spika alishusha macho kwenye kioo. Alipandisha, akashusha tena.

– Amina, alisema.

– Na wengine?

– Amina. Amina sana. Hapa kuna mmoja ameweka mshumaa.

Mama Vifungo alinyoosha mkono. Hakusema nipe, mama wa watoto watatu hana haja ya kusema nipe. Spika akachomoa waya wa chaja na kumkabidhi. Simu ya Spika ndiyo pekee iliyokuwa na mambo yote ya kundi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ameiwekea kumbukumbu ya ziada na hafuti kitu. Simu ya Mama Vifungo hujaa maua mpaka inagoma kupokea hata ujumbe wa shule, kwa hiyo kila Jumapili hufuta kila kitu bila kufungua, kama mtu anayefagia.

Alisogea hadi pembeni mwa benchi akaanza kurudi nyuma kwa kidole. Hakujua anatafuta nini hasa. Alitaka tu kuona siku ile aliyotoka ilikuwaje, kama kuna aliyemkosea. Wengine waliendelea. Zipu sasa alikuwa anasema kwamba labda jenerali mmoja amemuoa. Profesa hakukataa.

Mama Vifungo alipita waridi, jua, kikombe, waridi, mtoto mchanga amelala kwenye boga, mikono, mikono, mikono. Wiki moja, wiki tatu, miezi miwili. Kidole chenye mipasuko kilikuwa kinakwaruza kioo. Alifika kwenye mstari mdogo wa kijivu: Dada Kola ametoka kundini, Jumamosi, saa kumi jioni. Juu yake, asubuhi ya siku hiyo, kanuni za Spika, ndefu kama orodha ya vitabu vya shule. Akaendelea kupanda. Ijumaa. Alhamisi. Na Alhamisi, saa moja kasoro asubuhi, kati ya ua na ua, kulikuwa na maandishi.

Alisoma mara moja peke yake. Halafu akasema:

– Nyamazeni.

Hakupaza sauti, ndiyo maana walinyamaza. Akawasomea.

"Habari za asubuhi wapendwa, natumaini mmeamka salama. Mimi Jumamosi hii nahama, nyumba imeuzwa na tumeambiwa tutoke. Mkono wangu wa kulia umeteguka, siwezi kubeba kitu. Naomba watu wawili tu, hata kwa saa moja, wanisaidie kutoa kabati na cherehani yangu. Kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa nimefunga vyombo. Atakayeweza aniambie hapahapa. Asanteni sana, Mungu awabariki nyote."

Mwanzo kulikuwa na habari za asubuhi, mwisho kulikuwa na Mungu awabariki. Katikati ndiko alikokuwa yeye.

– Wakajibu? aliuliza Zipu, ingawa alishajua. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Watu hamsini na mmoja walijibu. Amina. Amina mpendwa. Nawe pia. Ubarikiwe uendako na utokako. Zipu mwenyewe aliweka waridi. Profesa aliandika "Pokea," kwa herufi kubwa. Ijumaa jioni Dada Kola aliandika tena, mstari mmoja: "Wapendwa, bado sijapata mtu wa kesho." Wakaja watu tisa kumwombea huyo mtu wa kesho.

Mama Vifungo aliendelea kusoma majina, maana alikuwa amekwisha kuanza. Katika wale wa Alhamisi, kwenye nafasi ya kumi na nne hivi, alikuta jina lake. Amina dada, na mikono miwili. Saa moja na dakika tano. Aliijua saa hiyo. Ni saa ya kumtafutia mtoto soksi ya pili, chungu jikoni, simu inatetemeka, unabonyeza chochote inyamaze. Hakukumbuka kubonyeza. Lakini jina lilikuwa lake.

Alilisoma nalo kwa sauti, kama alivyosoma ya wengine.

Mzee wa kahawa alisimama na birika hewani. Halafu wakaanza kujitetea, wote pamoja. Zipu alisema ile asubuhi mtandao ulikuwa mbaya, picha zinaingia maneno hayaingii. Profesa alisema kwa kawaida ujumbe mrefu huanza na jambo kubwa, hauanzi na habari za asubuhi. Mtu anaanza na habari za asubuhi, unajua ni salamu.  Spika alikuwa amechukua simu yake na anasoma kanuni zake mwenyewe, midomo ikicheza.

– Kanuni ya tano inasemaje? Mama Vifungo alimuuliza.

– Achana na kanuni.

– Nisomee tu.

– Wanakundi waepuke ujumbe mrefu wa mambo binafsi.

– Uliiandika kwa sababu gani?

Spika alifunga simu. Alisema Ijumaa ile mtu mmoja alimlalamikia kwamba kundi linaanza kujaa maandishi. Hakuuliza maandishi gani. Alikaa usiku mzima akitunga kanuni.

– Jicho la ofisi, alisema Mama Vifungo, na akaishia hapo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa namba kumi na nne.

Saa sita kamili pikapu nyeupe ilisimama pembeni mwa benchi, na dereva wa karakana akashuka. Alikuwa mtu mzima, mnene, mpole, kalamu nyuma ya sikio na karatasi iliyopigwa mistari. Aliwasalimia wote kwa mkono, akapokea kikombe alichopewa, akakaa kwenye nafasi ambayo benchi halikuwa nayo. Akaomba majina. Mama Vifungo akampa saba. Alipofika kwenye wa nane alimwambia ukweli wote, bila kuupamba: mtu wa kola yupo, anajulikana, hana mpinzani, ila walimpoteza miezi mitatu iliyopita kwa upuuzi wao na simu yake haipatikani. Profesa alifungua mdomo kuongeza habari za majenerali, akatazamwa, akaufunga.

Dereva alifikiri. Alisema bibi mwenye karakana hana masihara. Amekwisha kuwaambia wale wengine wapite saa tisa kupata jibu. Lakini bibi hakusema arudi saa ngapi na karatasi. Alisema karatasi iwe imejaa. Gari lina mafuta, alisema, na yeye akirudi saa nane na nusu na majina manane, nani atamuuliza la nane lilipatikana vipi?

Mama Vifungo hakuwahi kumpenda mtu asiyemjua kwa kasi ile. Miguu iliacha kuuma. Alisema waende moja kwa moja kwenye nyumba aliyohama Dada Kola. Hata kama hayupo, majirani wapo, na mtu hahami na kabati na cherehani bila majirani kujua vimeelekea wapi. Wamkute, wamwombe radhi kwanza, kazi baadaye. Na kama atawatukana, wasimame watukanwe mpaka amalize, kisha wamwambie Jumatatu alfajiri. Mkono utakuwa umekwisha pona, miezi mitatu ni mingi.

Wote waliona ni akili. Spika alisema ni kweli, majirani ndio kila kitu, akafungua mlango wa mbele akaingia bila kukaribishwa. Profesa na Zipu walipanda nyuma, Zipu na kikombe chake mkononi, na mzee wa kahawa akabaki anamwita arudishe kikombe. Mama Vifungo alijibana kati ya Spika na mlango. Alikuwa ameanza kupanga maneno ya kumwambia Dada Kola. Aliyapanga mafupi, kwa sababu Dada Kola hakuwa mtu wa maneno marefu, isipokuwa siku ile moja.

Dereva alikunja karatasi akaiweka juu ya dashibodi. Akawasha gari, akalisogeza hadi ukingoni mwa lami, mbele kabisa ya geti la kiwanda, akasimama kupisha lori.

– Haya, alisema. Kulia au kushoto?

Mama Vifungo alimtazama Spika. Spika, ambaye alikuwa anamtazama yeye, aligeuka akagonga kioo cha nyuma. Zipu akainamisha uso kwenye kioo, akauliza kuna nini. Spika akaonyesha kwa vidole: kulia, kushoto? Zipu akamgeukia Profesa. Profesa akanyoosha mkono kulia, akaurudisha, akakuna nao kidevu.

– Mlifanya naye kazi muda mrefu? aliuliza dereva, si kwa ubaya. Alikuwa anatafuta namna ya kusaidia.

– Miaka kumi na moja, alisema Mama Vifungo.

– Basi akitoka hapo getini jioni, alikuwa anakata upande gani?

Mama Vifungo alikaa nyuma ya Dada Kola miaka yote hiyo, kwenye laini ile ile. Alikijua kisogo chake kuliko kisogo cha mumewe. Alijua baka dogo chini ya nywele, alijua bega la kushoto hupanda uzi ukikatika, alijua jinsi anavyonyoosha shingo saa tisa usingizi unapokuja. Angekitambua kisogo hicho kati ya watu elfu. Sasa alifumba macho, akakiita. Kengele ikalia, mashine zikazimwa, watu wakasimama, kisogo kikatangulia kama kawaida, kikapita kwenye mlango mdogo wa geti, kikatoka nje kwenye mwanga. Na hapo yeye alikuwa anatazama saa, anawaza soksi, chungu, mtoto yupo kwa jirani, alikuwa anakimbia.

Alifumbua macho. Lori lilikuwa limepita zamani na barabara ilikuwa wazi pande zote mbili. Nyuma yao gari moja lilipiga honi. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anasubiri, na taa ya kuonyesha upande haikuwashwa.